Mrs Gren Hajawahi Kufika Ibighi

Kila aliyepita kidato cha kwanza nchini anamfahamu Mrs Gren. Si mwalimu, si mwandishi wa kitabu, wala hana kaburi popote. Ni herufi 7 za Kiingereza zilizopangwa zikawa jina la mama wa Kizungu, kila herufi ikibeba sifa moja ya kiumbe hai: kujongea, kupumua, kuhisi, kukua, kuzaana, kutoa takamwili na kujilisha. Mwamshe mwanafunzi wa Ibighi saa nane usiku umuulize sifa za viumbe hai, atakutajia zote 7 bila kukosea, tena kwa Kiingereza. Kisha mtoe nje, mwonyeshe mgomba ulio nyuma ya jiko la kwao, umuulize: na huu nao unajongea? Unahisi nini? Unatoa taka gani? Hapo ndipo Mrs Gren anapokusanya virago vyake.

Mimi ni mtoto wa hapa. Nasoma shahada ya uzamili katika sayansi ya mimea, na kila nikirudi nyumbani likizo nakabidhiwa kundi la vijana wa kidato cha nne niwapige msasa kabla ya mtihani. Wanakuja na madaftari, na ndani ya madaftari kuna madesa: kurasa za fotokopi, wino umefifia, maswali mamia kwa mamia na majibu ya mstari mmoja mmoja. Mitokondria ni nini? Mtambo wa nishati wa seli. Ogani kubwa kuliko zote mwilini? Ngozi. Kundi la damu linalopokea kutoka kwa makundi yote? AB. Wanayanunua, wanayameza, wanayatapika kwenye karatasi mwezi Novemba, na kufika Krismasi tumbo ni tupu.

Niseme hoja yangu waziwazi ili anayetaka kubisha ajue pa kuanzia. Madesa hayafundishi baiolojia. Hata kazi yake moja anayodai kuijua, yaani kufaulisha, anaifanya nusu nusu mtu anayeyategemea. Na kwa mtoto wa Rungwe hasara ni mara mbili, maana amekaa katikati ya mojawapo ya maabara tajiri kuliko zote nchini, halafu anafundishwa kuipa mgongo.

Sipingi kukariri. Daktari asiyekumbuka majina ya mifupa simtaki karibu na mguu wangu. Kumbukumbu ni ghala, na ghala tupu halilishi mtu. Ninachopinga ni kuita ghala shamba. Jibu la mstari mmoja ni tunda lililokatwa kutoka kwenye mti wake. Unaweza kulibeba mfukoni, lakini huwezi kulipanda likaota.

Tuanze na mfano unaopaswa kutuudhi. Sura ya uainishaji ipo katika kila desa. Mwanafunzi hukariri ngazi zote, kuanzia himaya hadi spishi, na mifano ni ileile: binadamu, simba, mhindi. Sasa inua macho, mawingu yakiruhusu, utazame Mlima Rungwe. Katika misitu ya mlima huo na ya Livingstone anaishi nyani mwenye manyoya marefu ya kahawia na ushungi kichwani, mwenye mlio kama honi iliyopasuka. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua na walikuwa na jina lake: kipunji. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport walifuatilia habari walizosikia kwa wawindaji hao hadi wakamwona. Mwaka 2004 Trevor Jones naye akamwona, bila kujua habari za wenzake, katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 walimtangaza kwa pamoja katika jarida la Science, wakitegemea picha. Baadaye mmoja akapatikana amekufa katika mtego wa mkulima, kwenye shamba la mahindi karibu na mlima huu. Vinasaba vyake vilionyesha kuwa yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida kuliko na wale aliofananishwa nao mwanzo. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe: Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika baada ya zaidi ya miaka 80.

Rudia kulisoma jina hilo. Rungwe. Jina la wilaya iliyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi wangu limeingia katika orodha ya viumbe wa dunia. Nilipowauliza vijana wangu kama wanamjua, mmoja alisema aliwahi kumsikia babu yake akimtaja. Hakuna aliyejua kwamba habari hiyo inahusiana na somo la baiolojia. Na humo ndani mna sura nzima ya uainishaji: kwa nini jina hubadilika, kwa nini picha haitoshi, kwa nini vinasaba vinaweza kukanusha macho, kwa nini spishi hupewa majina mawili. Mtoto aliyeelewa mkasa wa kipunji hahitaji kukariri umuhimu wa uainishaji. Ataueleza kwa maneno yake, na msahihishaji yeyote mwenye akili atampa alama.

Twende shambani. Desa linasema migomba huzaliana bila jinsia, kwa machipukizi. Nukta. Kwa nini? Desa limenyamaza. Jibu ni kwamba migomba mingi tunayoilima ina seti 3 za kromosomu badala ya 2, kwa hiyo meiosisi inashindwa kugawa sawasawa na mbegu hazikomai. Vile vidoadoa vyeusi katikati ya ndizi mbivu ni makaburi ya mbegu. Matokeo yake, shamba zima linaweza kuwa mmea mmoja uliojirudia, na ugonjwa unaouweza mgomba mmoja unaweza kuuweza na wa jirani. Muulize mkulima wa Kagera aliyekutana na mnyauko bakteria. Ataeleza kwa nini wataalamu walimwambia aukate ua dume la mgomba kwa kijiti chenye panda na si kwa panga: panga hubeba bakteria kutoka shina hadi shina. Hapo una meiosisi, uzazi, mabadiliko ya urithi na magonjwa ya mimea, yote kwenye mkungu mmoja. Desa limekupa nusu mstari.

Au parachichi, ambalo siku hizi ndilo linalolipa ada za watoto wengi huku. Kila mwanafunzi anajua ua lenye jinsia mbili ni nini. Ni wangapi wanaojua kwamba ua la parachichi hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, halafu likafunga, kisha likafunguka tena likiwa dume? Ua la Hass kwa kawaida huwa jike asubuhi na dume mchana wa siku inayofuata. La Fuerte ni kinyume: jike mchana, dume kesho yake asubuhi. Ndiyo maana hushauriwa kuchanganya aina hizo mbili, na ndiyo maana nyuki ni mfanyakazi wa shamba asiyedai mshahara. Anayepuliza sumu ya wadudu mchana wakati miti imechanua anafukuza vibarua wake mwenyewe. Mtoto wa mkulima anaikariri sura ya uchavushaji darasani, anarudi nyumbani anamkuta baba yake amebeba bomba la kupulizia sumu saa tano asubuhi, na hana la kumwambia. Tumemfundisha neno, hatukumfundisha jambo.

Chai je? Jani likichumwa na kusokotwa hugeuka rangi kwa sababu vimeng'enya vyake vimekutana na oksijeni. Ukilipasha jani joto kali kwanza, vimeng'enya huharibika umbo na kuacha kazi, na jani hubaki kijani. Tofauti ya chai nyeusi na chai ya kijani ni somo la vimeng'enya na jotoridi ambalo wanafunzi wangu walilichora kama grafu bila kuambiwa kwamba grafu hiyo inanyweka. Bibi anayeotesha ulezi ili apate kimea cha kimpumu anafanya kazi hiyohiyo: mbegu inapoota hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari, halafu hamira huifanya sukari kuwa kilevi na hewa ukaa. Kimea hichohicho, kikitiwa kidogo kwenye uji mzito wa mtoto, huulainisha ili mtoto apate chakula kingi katika vijiko vichache. Bibi ana maarifa bila istilahi. Mjukuu ana istilahi bila maarifa. Wanalala nyumba moja na hatujawahi kuwakutanisha.

Kuna mfano mwingine ambao haunichekeshi hata kidogo. Tukuyu ni moja ya sehemu za nchi zilizoteswa na ugonjwa wa usubi. Inzi wadogo weusi wanaoueneza huzaliana kwenye mito yenye maji ya kasi, na mito ya namna hiyo hapa haikosekani. Kwa miaka mingi dawa ya ivermectin imekuwa ikigawiwa bure vijijini, kampuni ya Merck ikiitoa kwa ahadi iliyoanza mwaka 1987. Mwaka 2015 William Campbell na Satoshi Ōmura walipata Tuzo ya Nobel kwa ugunduzi uliozaa dawa hiyo, uliotokana na bakteria wa udongoni nchini Japani. Sasa sikiliza mazungumzo ya mtaani: "Kila mwaka vidonge, vidonge! Kama ni dawa kweli, mbona hatuponi mara moja?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake ni baiolojia tupu. Dawa huua watoto wa minyoo wanaotembea chini ya ngozi na kufika machoni. Minyoo wazima hawafi kirahisi, na wanaweza kuishi mwilini zaidi ya miaka 10 wakiendelea kuzaa. Kwa hiyo unameza mwaka hadi mwaka mpaka wazee hao wafe wenyewe.

Kijana wa kidato cha nne ndiye mtu ambaye kaya nzima ingemtegemea kwa jibu hilo. Anaweza kukuandikia fasili ya vekta. Anaweza kukupa tofauti 4 kati ya vekta na kimelea, kwenye jedwali lililonyooka. Lakini babu yake akikataa vidonge, naye ananyamaza, kwa sababu swali la babu halimo kwenye desa. Mtu asiniambie tena kwamba hili ni suala la ladha ya ufundishaji. Hapa kuna macho ya watu.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza: "Tatizo ni Kiingereza." Nakubaliana nusu. Mtoto amesoma sayansi kwa Kiswahili miaka 7, kisha Januari moja anaambiwa kila alichokijua kina jina jingine na asithubutu kuuliza kwa lugha aliyonayo. Kinachokufa kwanza ni swali. Jibu linaweza kukaririwa kwa lugha usiyoijua, lakini swali huwezi kulikariri. Lazima utoke nalo mwenyewe. Tena Kiswahili kina maneno yanayojieleza. Usanisinuru: usanisi, nuru. Mtoto akilisikia ameshapata nusu ya somo. Hata lile la Kigiriki alilopewa na Kiingereza maana yake ni hiyohiyo, nuru na kuunganisha, ila hakuna aliyemfungulia. Hata hivyo, tusijidanganye. Lete kesho desa la Kiswahili, litamezwa kwa Kiswahili. Lugha itafungua mlango, lakini kuingia ndani ni kazi nyingine.

La pili: "Walimu hawana vifaa." Kweli tupu. Mwalimu mmoja, darasa la watoto 80, vipindi hadi jioni. Huyo simrushii jiwe. Kati ya 2012 na 2015 wananchi tulichangishwa ili kila shule ya kata iwe na maabara 3, na nyingi zilijengwa. Lakini tazama tunavyotumia hata zile zenye vifaa. Mtihani wa vitendo humletea mwanafunzi mmumunyo uliopewa jina la herufi moja tu, autambue una chakula gani. Mwanafunzi anakariri jedwali: ayodini ikigeuka bluu nyeusi, wanga, Benedict ikichemshwa ikawa nyekundu ya matofali, sukari. Wapo wanaolijaza jedwali kabla rangi haijabadilika. Kukariri kumeingia hadi kwenye kutazama, na hiyo ndiyo hatua ya mwisho ya ugonjwa.

La tatu ndilo wanalonipa wazazi, nami naliheshimu zaidi: "Mwanangu, sisi tunataka afaulu. Hayo ya nyani utamfundisha akifika chuo." Shikamoo mama, lakini fikiri nami. Karatasi ya baiolojia haiulizi fasili peke yake. Inasema eleza, fafanua kwa mifano, toa sababu. Aliyemeza mistari 200 akikutana na "toa sababu" anarudia fasili kwa maneno marefu zaidi, na alama zinapita pembeni. Aliyeelewa mgomba mmoja ana mifano ya mada 4. Hata ukiniambia lengo lako ni cheti tu, bado nitakushauri uanzie nyuma ya jiko.

Na hao wanaokwenda chuo "kuyafundishwa hayo" ni wachache. Wengi wa vijana ninaowafundisha watabaki hapa au watakwenda Mbeya mjini kutafuta maisha. Kidato cha nne ndiyo mara ya mwisho mtu atawaeleza jinsi mwili wao, shamba lao na magonjwa yao yanavyofanya kazi. Ukiwapa ubao wa mistari mitupu kwa sababu "wataelewa mbele", umewaibia, maana mbele hakuna.

Nani ananufaika? Wauza madesa, bila shaka. Sisi wa tuisheni pia, kwa kuwa mtoto aliyemeza hurudi kumezeshwa tena. Na shule zinazohesabu madaraja kama timu inavyohesabu pointi. Mwanzoni mwa 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Uamuzi mzuri, lakini ligi haikwisha. Ilihamia kwenye mabango ya shule na vikundi vya WhatsApp vya wazazi. Mitaala nayo imesema inajenga umahiri tangu 2005, na ule ulioanza kutumika 2024 umerudia kusema hivyo kwa sauti kubwa zaidi. Ni vizuri. Ila karatasi ya mtihani ndiyo mtaala halisi, na kila mwanafunzi analijua hilo. Watunzi wa maswali wakitaka kuua madesa hawahitaji waraka. Watunge maswali ambayo mtoto wa Rungwe anayajibu kwa parachichi, wa Kilwa kwa mikoko na wa Kagera kwa mnyauko, kisha waone wauza fotokopi watakavyohangaika.

Tunapenda kumtaja Erasto Mpemba tunapotaka kujisifu kisayansi: mwanafunzi wa sekondari aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda mapema kuliko yaliyopoa, akauliza kwa nini, akachekwa, akaendelea kuuliza hadi mwaka 1969 jina lake likachapishwa pamoja na la Denis Osborne. Tunasahau kwamba alichokuwa nacho hakikuwa jibu. Alikuwa na aiskrimu na ukaidi. Katika desa angekuwa swali la mstari mmoja: nani aligundua athari ya Mpemba?

Kwa hiyo wewe unayejiandaa kwa mtihani, sikuombi uchome madesa yako; umeyalipia. Nakuomba ufanye jambo moja kwa kila ukurasa: kila jibu, liulize "kwa nini" mara moja, halafu litafutie mfano unaoweza kuugusa kabla ya jua kuzama. Ukikosa mfano, hilo bado hujalielewa, hata kama unalijua kwa moyo. Kata kiazi mviringo vipande viwili, kimoja kwenye maji matupu na kingine kwenye maji ya chumvi, uvishike baada ya saa chache. Kimoja kigumu, kingine kimelegea, na osmosisi haitakutoka tena kichwani. Fuatilia ua moja la parachichi siku mbili ukiwa na saa mkononi. Mkalishe bibi akueleze kwa nini kimea huanikwa siku fulani na si nyingine.

Nanyi wasomi wenzangu wa uzamili na uzamivu, mnaoandika tasnifu kuhusu misitu hii kwa lugha ambayo wenye misitu hawatasoma kamwe: likizo ijayo rudini nyumbani na kurasa 4 za Kiswahili kuhusu mnachokichunguza. Wawindaji walitupa jina la kipunji bure. Watoto wao wanatudai maelezo.

Ayodini inauzwa duka la dawa. Ndizi mbichi na mbivu hazikosekani kwenye nyumba yoyote ya Ibighi. Kata zote mbili, dondoshea tone moja kila upande, kisha nieleze wanga umekwenda wapi.